Anza na Walichokwisha Kuulizwa: Mbinu za Kutafiti Iringa na Mbeya

Wanafunzi wengi wa uzamili wanaoelekea Nyanda za Juu Kusini hufika na dodoso lililokwisha kuchapwa, wakiamini kwamba wao ndio wa kwanza kuuliza. Si wa kwanza, wala si wa kumi. Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani Friedrich Fülleborn alitoa kitabu kinene kuhusu watu wa upande wa Ziwa Nyasa na Ruvuma. Miaka miwili baadaye Ernst Nigmann, ofisa wa jeshi la kikoloni aliyekuwa Iringa, akachapisha kitabu kizima juu ya Wahehe. Kati ya 1934 na 1938 Godfrey na Monica Wilson walikuwa Unyakyusa wakiandika ndoa, mazishi na vijiji vya rika. Katikati ya kazi yao, mwaka 1935, mwanaanthropolojia Gordon Brown na ofisa tawala Bruce Hutt wakatoa kitabu juu ya jaribio lao la Iringa: mtawala analeta swali la kiutawala, mtaalamu anaenda kulitafutia jibu kwa wananchi. Miaka ya 1960 akaja Alison Redmayne na historia ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Kisha wakaja madaktari na mirija ya damu.

Kwa hiyo mzee wa Kalenga au bibi wa Tukuyu unayepanga kumhoji huenda ameshahojiwa, au baba yake alihojiwa, au jirani yake bado anasubiri majibu ya damu aliyotoa miaka kadhaa iliyopita. Kazi yako inaanzia hapo. Kabla ya kuandika swali lako la kwanza, tafuta walichokwisha kuulizwa, nani aliuliza na alitaka jibu la kufanyia nini.

Nigmann aliandika akiwa ofisa wa jeshi lile lile lililopigwa na Wahehe huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, kamanda wake Zelewski akauawa pale, kisha likarudi kuibomoa ngome ya Mkwawa ya Kalenga mwaka 1894. Anachosema kuhusu silaha na mpangilio wa vita wa Wahehe kina uzito, maana hayo ndiyo aliyotaka kuyajua. Anachosema kuhusu tabia yao kisome kama maneno ya mtu anayemwelezea adui aliyemtia hasara. Vitabu vya Monica Wilson ni vya namna nyingine, na vina hazina ambayo watu huiruka: majina ya wasaidizi wa Kinyakyusa waliotafsiri, waliohoji na walioandika wenyewe sehemu ya maelezo, Leonard Mwaisumo akiwa mmojawapo. Nyaraka za Monica Wilson ziko Chuo Kikuu cha Cape Town. Ukisoma kazi ya namna hii jiulize msaidizi alitoka ukoo gani, alisoma misheni ipi, na ni akina nani asingeweza kuwahoji hata angetaka. Mara nyingi pengo la kitabu ndilo pengo la msaidizi.

Usishangae, basi, mzee wa Rungwe akikupa maelezo yanayofanana mno na kitabu cha Monica Wilson cha 1951. Vitabu vimerudi nyumbani kupitia shule, misheni na watoto waliosoma. Jibu likija limenyooka kupita kiasi, muulize alilipata kwa nani. Wengi watakuambia bila kinyongo.

Sasa nyaraka za hapa kwetu. Ofisi ya Nyaraka za Taifa Dar es Salaam ina mafaili ya Wajerumani na ya Waingereza, pamoja na vile vitabu vya wilaya ambavyo maofisa tawala walikuwa wakiandikiana wao kwa wao: koo, mipaka, njaa, kesi za ardhi, na porojo nyingi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa Afrika Mashariki, na humo utapata matoleo ya jarida la Tanganyika Notes and Records lililoanza 1936. Pale Iringa mjini, Boma la Mjerumani sasa ni makumbusho ya mkoa, kazi iliyosimamiwa na Chuo Kikuu cha Iringa. Pita hapo kabla ya kwenda kijijini, uone mkoa unavyojisimulia wenyewe.

Chanzo ninachokipenda kuliko vyote hakina jina kubwa: daftari za ubatizo na mazishi za misheni. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Wakatoliki wa Tosamaganga nao wana historia ndefu. Daftari la mazishi halikuandikwa kwa ajili ya daktari, lakini ukihesabu mazishi mwezi kwa mwezi kuanzia mwishoni mwa 1918 utaona mafua makuu yalivyopita kwenye usharika ule, na ukipanga waliozikwa kwa umri utaona ni nani walioondoka zaidi. Daftari la ndoa linaonyesha wanaume walipotoka na walipokwenda. Hapo historia, utamaduni na afya vinakaa kwenye ukurasa mmoja, na ndiyo sababu nawashauri wanafunzi wasivitenganishe mapema mno. Ongea na paroko au mchungaji kwa heshima, eleza unachohesabu, na nakili namba, si majina. Simu yenye kamera iweke mfukoni mpaka uruhusiwe.

Baada ya karatasi, namba. Hapa ndipo watu wengi huumia, na kosa huanzia kwenye ramani. Njombe ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa hadi 2012. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU na malaria wa 2007–08 uliipa Iringa maambukizi ya karibu asilimia 16 kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Ule wa 2011–12 ukaipa Iringa asilimia 9.1. Ukiziweka namba hizo mbili kwenye grafu moja, Iringa inaonekana imefanya miujiza ndani ya miaka minne. Sehemu ya muujiza huo ni ya mpaka tu: utafiti wa pili ulihesabu Njombe peke yake, na Njombe ilikuwa na asilimia 14.8. Halafu utafiti wa 2016–17 ukaja na asilimia 11.3 kwa Iringa, 11.4 kwa Njombe na 9.3 kwa Mbeya, lakini hizo ni za watu wa miaka 15 na kuendelea, wazee wakiwamo. Kabla ya kulinganisha chochote, andika pembeni mambo mawili kwa kila namba: mpaka wa mkoa siku ile, na umri wa waliopimwa. Ukiweza, shuka hadi wilaya na ujenge mkoa wa zamani upya kutoka kwenye wilaya zake.

Kosa la namna hiyo humpata pia mwanahistoria. Kimondo cha Mbozi kinaandikwa kila siku kuwa kiko Mbeya. Kiko Songwe.

Ngazi ya chini kabisa utakutana na vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kwenye zahanati. Mganga mfawidhi akikubali na barua zako zikiwa safi, kaa navyo nusu siku. Utaona safu za jina, umri, kijiji, ugonjwa na dawa, na utaona mwandiko unavyobadilika muuguzi mmoja anapohama na mwingine kuingia. Mwandiko ukibadilika, na magonjwa huweza kubadilika: mmoja alikuwa mwepesi wa kuandika malaria, mwingine anaandika homa tu. Mwezi ambao dawa ziliisha wagonjwa hupungua, kwa sababu habari ya dawa kuisha hufika kijijini kabla ya jioni. Msimu wa kupanda nao hupunguza foleni. Vitabu hivi vinahesabu waliofika kituoni. Waliougua ni hesabu nyingine. Ukivitumia bila kumuuliza muuguzi ni lini dawa zilikosekana na ni lini yeye alikuwa likizo, utaandika historia ya duka la dawa ukidhani ni historia ya ugonjwa.

Nitoe mfano wa utafiti wa afya uliofanya kazi kwa kufuata maisha ya watu. Iringa ilikuwa miongoni mwa mikoa ambayo wanaume wengi hawakutahiriwa kimila. Serikali na washirika wake walipoanzisha huduma ya tohara kwa ajili ya kupunguza maambukizi ya VVU, kampeni ya wiki sita mwaka 2010 ilitahiri zaidi ya watu 10,000. Ilipangwa kipindi cha baridi. Watu wa huku wanaamini kidonda hupona vizuri zaidi wakati wa baridi, na ndicho kipindi ambacho mavuno yako ndani na wanafunzi wako likizo. Anayepanga ratiba kwa kalenda ya mfadhili peke yake angepeleka wahudumu Januari, watu wakiwa shambani na jembe mkononi.

Mfano wa pili unatoka Kyela. Kituo cha Mbeya cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kilichokua kutokana na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha München, kiliwafuatilia watu wa kusini-magharibi mwaka hadi mwaka kati ya 2006 na 2011. Matokeo ya Kyela yaliyochapishwa 2016 katika jarida la The Lancet yalionyesha kwamba waliokuwa na minyoo ya matende walipata maambukizi ya VVU kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wasiokuwa nayo. Tazama kilichohitajika: watu wale wale, wakirudiwa mara kwa mara, wakikubali kutoa damu tena. Hilo halipatikani kwa mtafiti anayekuja siku tatu na kuondoka na basi la alfajiri.

Na damu ndiyo inayoleta maneno. Hadithi za mumiani, yaani wanyonya damu, ni za zamani Afrika Mashariki yote, na hazijafa. Tarehe 1 Oktoba 2016 watu watatu kutoka Kituo cha Utafiti cha Selian cha Arusha waliuawa na wananchi na gari lao kuchomwa katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma. Walikuwa wakichukua sampuli za udongo. Wakaitwa wanyonya damu. Sampuli yoyote, hata ya udongo au maji, ni jambo la kuelezwa hadharani kwanza, na anayeeleza vizuri zaidi ni mwenyekiti wa kitongoji, si wewe.

Ndiyo maana njia ya barua si urasimu mtupu. Mwanafunzi na mhadhiri wa Kitanzania hupata kibali kwa makamu mkuu wa chuo chake, kwa madaraka ambayo Serikali iliwapa viongozi hao tangu 1980. Mgeni hupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Utafiti wa afya unaogusa watu unahitaji pia kibali cha maadili, cha kitaifa kupitia NIMR, na Mbeya kuna kamati yake ya maadili. Omba mapema sana. Pesa ya mfadhili haitaisubiri kamati, wala kamati haitaisubiri pesa. Kisha barua inashuka: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Kila ofisi itataka nakala yake, kwa hiyo toa kopi za kutosha ukiwa bado mjini. Stesheneri ya kijijini inategemea umeme. Ukiacha barua masijala, omba namba ya jalada. Anayerudi na namba huhudumiwa. Anayerudi na maelezo marefu huambiwa aje kesho.

Kwenye ofisi ya kijiji utapewa kitabu cha wageni. Tarehe, jina, unakotoka, madhumuni, saini. Kabla ya kusaini, rudisha kurasa nyuma. Utamkuta bwana shamba, watu wa chanjo, ofisa wa mikopo, mradi wa maji, mgombea, na wanafunzi wa vyuo viwili vitatu waliokuja na mada inayokaribiana na yako. Muulize mtendaji: hawa walirudi? Walisema wamepata nini? Dakika kumi za kusoma kitabu kile zitakufundisha kijiji kimechoka kiasi gani. Vijiji vya kando ya barabara kuu ya Tunduma vimechoka kuliko vingine, na kama mada yako inaruhusu, panda bodaboda uende kijiji cha pili au cha tatu kutoka lami. Anayeishi kando ya lami ya Uyole au Mafinga na anayeishi bondeni hawaishi maisha yale yale, wala hawaugui sawa.

Salamu usizifanyie haraka. "Kamwene" kwa upande wa Iringa na "ugonile" kwa upande wa Rungwe zitakufungulia mlango hata kama baada ya hapo unaendelea kwa Kiswahili, na "shikamoo" kwa mkubwa haijawahi kumwangusha mtu. Nenda asubuhi. Msimu wa ulanzi, mvua zikiwa zimekolea, wazee wengi wa Iringa mchana wako kilabuni. Kaa nao ukipenda, utasikia mengi, lakini hayo yabaki kuwa maongezi: mtu aliyekwisha kunywa hawezi kukupa ridhaa. Kipindi kizuri cha kazi ni Juni hadi Septemba, barabara zikiwa kavu. Kyela mwezi wa Aprili huenda ukakuta maji yamekutangulia. Koti zito ni lazima kama unakwenda Mufindi au Makete.

Ukiitisha majadiliano ya kikundi Unyakyusa, usimweke mwanamke na baba mkwe wake katika duara moja. Miiko ya mkwe ilikuwa mikali sana huko. Leo imelegea mjini, ila hujui imelegea kiasi gani katika nyumba ile. Mwanamke atanyamaza, nawe utaandika kwamba wanawake hawana maoni. Vilevile mtazame anayekusindikiza. Mwenyekiti akikaa kwenye mkeka wakati unauliza kuhusu pembejeo zilizopotea au zahanati isiyo na dawa, majibu yatakuwa mazuri mno. Mshukuru, mwombe akutangulie kwenye kaya inayofuata.

Jambo la umri na tarehe lina dawa yake: andaa kalenda ya matukio kabla ya kwenda. Vita vya Mjerumani kwa waliovisikia kwa babu zao, Wenela ilipokuwa ikichukua vijana kwenda migodi ya Afrika Kusini, Uhuru, Operesheni Vijiji, reli ya TAZARA ilipojengwa, vita vya Kagera, unga wa njano ulioitwa yanga, mkoa ulipogawanywa. Mama asiyejua alizaliwa mwaka gani atakuambia bila kusita kama alikuwa amebeba mtoto mgongoni walipohamishwa kijiji. Hapo tayari una miaka yako, na kwa kawaida inaaminika kuliko ya kitambulisho.

Kwa mambo mazito, Ismani, mkoani Iringa, ndiyo shule. Tarehe 25 Desemba 1971, wakati wa kusukuma vijiji vya ujamaa, mkuu wa mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi shambani kwa mkulima huyo. Mwamwindi aliupeleka mwili polisi Iringa mjini mwenyewe, kwa gari la marehemu, na baadaye akahukumiwa kunyongwa. Kila mtu wa Iringa ana simulizi lake kuhusu yaliyosemwa shambani siku ile. Ukiuliza "nini kilitokea?" utapata hekaya iliyokwisha kusuguliwa kwa nusu karne. Uliza: "Wewe siku hiyo ulikuwa wapi? Habari ulizisikia kwa nani? Ilikuwa kabla au baada ya chakula cha Krismasi?" Maswali hayo madogo humtenga aliyeona na aliyesikia, na aliyesikia naye ni chanzo, ila cha kitu kingine: cha namna habari ilivyosafiri na ilivyotumika.

Halafu usianze na risasi. Anza na mahindi: nani alikuwa na trekta la kwanza, vibarua walitoka wapi, walilipwa debe ngapi, ardhi ilipatikanaje. Ukifika 1971 kwa njia hiyo utagundua kwamba mtoto wa mwenye trekta na mtoto wa kibarua hawasimulii siku moja, ingawa tarehe ni ile ile. Rekodi ya kesi isome mwishoni, ukikumbuka kwamba mahakama ilitaka kujua kama mtu ana hatia, haikutaka kujua Ismani ilifikaje pale. Familia zote mbili bado zina watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubana kuhusu unachohifadhi, lakini hata isingekuwapo, jina la mtu aliyekuambia jambo zito lisikae kwenye simu moja na sauti yake.

Mada inayolilia watafiti sasa ni udumavu. Utafiti wa kitaifa wa afya na malaria wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati taifa zima ni asilimia 30. Mkoa unaolisha wengine! Ukienda na dodoso la "mnakula nini", utajibiwa ugali, maharage na mboga, na utarudi mikono mitupu. Fuata siku ya mama badala yake. Nani anamlisha mtoto kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mama akiwa kwenye chai au mahindi ya mbali? Chakula cha mchana cha mtoto kinapikwa saa ngapi? Mahindi mangapi yaliuzwa Julai, na yalinunuliwa tena kwa bei gani Februari? Rudi msimu wa njaa na msimu wa mavuno. Kisha fungua vitabu vya zamani uone watu wa hapa walikuwa wakimlisha mtoto nini kabla mahindi hayajatawala, ulezi ukiwamo.

Bajeti ya kurudi iandike siku ile ile unayoandika bajeti ya kwenda: nauli, malazi, na kurasa mbili za Kiswahili chepesi zenye matokeo. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Muulize mtendaji tarehe na uombe dakika kumi na tano kwenye ajenda. Usibebe slaidi, kwani umeme unaweza usiwepo na ukuta wa kuangazia pia. Sema mlichokuta, sema ambacho hamkuweza kukijua, ruhusu maswali, na uwe tayari kwa lile litakaloulizwa kwanza, kuhusu ile damu ilikwenda wapi. Nakala moja iache ofisi ya kijiji, moja zahanati, moja shuleni, na nyingine ipeleke Boma la Iringa au maktaba ya chuo kilicho karibu. Juu ya kila nakala andika jina la kijiji kwa wino, pamoja na kata, wilaya na mkoa kama vilivyo sasa.